Félicien na Kiti cha Bertille

Mimi sina tabia ya kusifu wanaume. Wanaokula kwangu, kando ya barabara inayoshuka bandarini, wanajua kwamba mdomo wangu ni mkali. Mwanaume akinipita amevaa shati safi, ninajiuliza kwanza ni mwanamke gani aliyelifua, na kama aliambiwa asante. Kwa hiyo nikisema kwamba Félicien fundi wa waya ni mtu mwema, nisikilizwe. Neno hilo limenichukua miaka kulitoa.

Garaji yake haina mlango wala jina. Ni mabati juu ya miti, na gari moja bovu lisilotembea tena, ambalo ndani yake anaweka vyombo vyake na kulifunga kwa kufuli. Mimi ninapikia upande wa pili wa ukuta, bukari, ndiyo ugali wetu, na ndakala, dagaa wa ziwa, na siku ya bahati ninakuwa na samaki mukebuka wa kukaanga. Ukuta wenyewe umebomoka katikati. Ninaona yote na kusikia yote bila kutafuta.

Ni mtu mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya kufumwa ambayo haivui hata jua likichoma. Anaongea kidogo hadi wateja wapya wanadhani wamemkosea. Anakula kwangu karibu kila siku na hajawahi kusema kama chakula ni kitamu au kibaya. Siku moja nilichoka, nikamuuliza, "Papa Félicien, bukari yangu ya leo ikoje?" Akatazama sahani yake. "Imekwisha," akasema. Hilo ndilo jibu nililopata, na mpaka leo sijapata lingine.

Nina mengine ya kumlaumu. Ni mzito. Gari ambalo fundi wa jirani analimaliza asubuhi, kwake linaweza kulala. Hapendi kuharakishwa, na ukimharakisha anakuachia funguo juu ya boneti, anakwenda kunywa maji. Mke wake Noëlla aliniambia kwamba hata nyumbani ni hivyohivyo: akitengeneza redio, watoto wanakosa habari wiki nzima.

Alizaliwa Kabimba. Baba yake alifanya kazi kwenye saruji, na alikuwa anarudi nyumbani mweupe tangu nywele hadi viatu. Félicien hakuitaka kazi ile ya vumbi. Akashuka hapa Kalemie akiwa kijana, akaanza kutengeneza taa za wavuvi, zile wanazotega ndakala nazo. Waya alijifunzia ndani ya mitumbwi, mikono ikiwa na maji. Ndiyo maana hadi leo, akifunga kitu, anakifunga fundo la wavu, lile ambalo wavuvi wanalivuta mara moja na halifunguki tena. Mafundi wengine wanamcheka. "Papa Félicien, unataka kukamata samaki ndani ya moteri?" Yeye anaendelea kufunga.

Baadaye magari yalianza kuvuka ziwa kwa wingi kutoka Kigoma. Yanakuja na usukani upande wa kulia, na sisi huku tunautaka kushoto. Basi mafundi wanaugeuza: usukani unahama, pedali zinahama, na waya zote zinazofuata. Félicien amegeuza magari mengi sana ya mji huu. Na kwa kugeuza magari ndipo ninapoanza kusimulia habari ya kiti.

Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa ninachambua ndakala nilipoona gari kubwa jeupe la ofisi moja inayochimba visima vijijini likija polepole, na usukanini sikuona dereva vizuri, niliona kilemba tu. Nikajua ni Bertille.

Bertille ni mtoto wa Moba, mfupi, mwenye mabega ya kulima. Ndiye mwanamke wa kwanza kupewa gari katika ofisi ile, na mshahara wake ndio unaolipa minerval, karo ya shule ya wadogo zake. Siku hiyo alikuwa ameketi kwenye ncha kabisa ya kiti, mto mgongoni, na juu ya mto kitenge kilichokunjwa, na bado mguu ulikuwa unatafuta breki kwa kidole gumba. Alipozima gari alikuwa amelowa jasho kama mtu aliyelisukuma.

"Papa Félicien, niokoe," akasema. "Kiti kimekataa."

"Kimekataa namna gani?"

"Hakiendi mbele, hakipandi. Kimebaki palepale Guelord alikikalisha jana."

Kiti chenyewe ni kile cha umeme. Unabonyeza kitufe, kinasogea mbele au nyuma, kinapanda au kinashuka. Mtu mrefu anakirudisha nyuma, mtu mfupi anakileta mbele, hakuna ugomvi. Lakini kikifa, kinafia pale kilipo.

Guelord alikuwa anamfuata nyuma kwa pikipiki. Naye ni dereva wa ofisi ileile, miguu mirefu kama korongo, na Jumapili alikuwa amechukua gari kupeleka wageni. Akateremka, akajibu kabla hajaulizwa.

"Mimi nilikikalisha penye miguu ya muntu inafika. Kama weye miguu yako ni ya kuku, kosa ni ya kiti?"

"Miguu hii ya kuku inafika Nyunzu na kurudi," Bertille akamwambia. "Yako mirefu iliishia njia ya Kabimba, ukaita watu wakuvute na kamba."

Waliokuwa wanakula kwangu wakacheka. Guelord hakucheka. Akamgeukia Félicien. "Papa Félicien, usijisumbue. Nimeshajaribu na taa ndogo ya kupimia. Inawaka vizuri. Maana yake umeme unafika, ni moteri za kiti njo zimekufa. Hizo mpaka Dar es Salaam. Na Papa Willy amesema hivi: kesho asubuhi gari inakwenda Nyunzu. Kama dereva hafikie pedali, funguo zinakuja kwangu." Akatabasamu. "Na zikikuja, hazirudi."

Papa Willy ndiye mkubwa wa magari pale ofisini. Nilimtazama Bertille. Alikuwa anajua, na sisi sote tulijua, kwamba hayo yalikuwa kweli. Mwanamke akipokonywa gari kwa siku moja tu, kesho yake wataanza kusema kwamba ilikuwa huruma kumpa tangu mwanzo.

Guelord akawasha pikipiki, akaenda. Nilimtakia tairi itoboke. Haikutoboka.

Félicien alinawa mikono kwa sabuni. Hilo ni jambo lake: hagusi kiti cha mtu kwa mikono michafu. Akafungua mlango wa dereva, akaketi, akawasha taa ya ndani ya gari, ile ya darini, na kubonyeza kitufe cha kiti huku akiitazama taa. Akabonyeza tena. Akabonyeza vyote, kimoja kimoja, mdomo wazi kidogo kama mtu anayesikiliza mahubiri.

"Unatazama nini?" nikamuuliza kutoka ukutani.

Kwa kawaida hajibu. Siku hiyo alijibu, labda kwa sababu Bertille alikuwa karibu kulia.

"Moteri ikivuta, taa ya juu inafifia kidogo. Hata moteri ikiwa imekwama, inavuta. Hapa taa haitikisiki." Akashuka. "Halafu kiti hiki kina moteri ya kwenda mbele, ya kupanda, ya kulalia. Zimenyamaza zote mara moja. Moteri zote hazifi siku moja, Mama Chancelle. Kuna njia imefungwa."

Akatazama fizibli, kile kipande kidogo kinachoungua ili gari lisiungue. Kilikuwa kizima. Akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya kiti, akachomoa plagi inayoleta umeme, akaweka taa yake ndogo ya kupimia. Ikawaka, kama Guelord alivyosema. Bertille akashika kichwa.

"Basi ni kweli," akasema. "Umeme unafika."

Félicien alikwenda kwenye gari lake bovu, akarudi na soksi. Ndani ya soksi mlikuwa na balbu ya taa ya mbele ya gari, kubwa, yenye waya mbili. Akaiunganisha mahali palepale ilipokuwa taa ndogo.

Haikuwaka. Kulikuwa na uzi mwekundu hafifu ndani yake, kama kaa la mkaa linalokufa, basi.

"Ona," akamwambia Bertille. "Taa ndogo inakunywa tone. Tone linapita. Balbu hii inakunywa kama kiti kinavyokunywa, na hapo njia haitoshi. Taa ile ndogo inadanganya watu wengi. Na mimi ilinidanganya zamani, nikaagizia mtu moteri ya bure."

Nilimwona Bertille anapumua. Mimi pia nilipumua, sikujua kwa nini, gari halikuwa langu.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kufuata waya. Akafungua boliti za kiti, akakitoa kizima, akakiweka juu ya kartoni safi. Kisha akaanza kuinua zulia la gari. Hapo nikasikia harufu kabla sijaona. Harufu ya kitambaa kilichokaa na maji muda mrefu. Zulia lilikuwa zito, akalivuta, likatiririsha maji. Na chini yake, juu ya chuma, kulikuwa na mchanga. Si udongo mwekundu wa barabara zetu. Ulikuwa mchanga mweupe, na ndani yake vile vipande vidogo vya makombe ya konokono ambavyo hapa kwetu viko mahali pamoja tu.

Félicien alichukua kidogo kwa kidole, akautazama, akamtazama Bertille.

"Gari hii unaiosha wapi?"

Bertille alinitazama mimi kwanza, kama kwamba mimi ningeweza kumjibia. "Kwa ziwa, Papa," akasema, sauti imeshuka. "Jumamosi mapema, kabla watu hawajawa wengi. Ninaingia kidogo tu, maji yafike kwenye mlango. Nilitaka iwe safi kuliko zao. Wasipate cha kusema."

Anayeishi Kalemie haoni ajabu. Hapa gari, pikipiki, sufuria na mtoto vyote vinaoshewa ziwani. Teksi zinaingia majini hadi maji yanapanda sakafuni, vijana wanazisugua, zinatoka zinang'aa. Lakini Papa Willy alikuwa amekataza. Gari lao moja lilikwama mchangani, wimbi likaingia ndani ya moteri, na tangu hapo alitangaza mbele ya madereva wote, nami nilisikia kwa sababu alitangazia hapa wakiwa wanakula: atakayepeleka gari ziwani, siku hiyohiyo anatoa funguo.

"Papa Willy akijua, nimekwisha," Bertille akasema. "Hata kiti kikipona."

Félicien akaendelea na waya. Ulikuwa unatoka upande wa kulia, ambako kiti kilikuwa zamani kabla usukani haujageuzwa, unapita chini ya zulia, unavuka katikati ya gari, unakuja kushoto. Mahali pa chini kabisa, penye bonde ambamo maji yote yanakusanyika, palikuwa na kiungo: waya mbili zimesokotwa pamoja, zimefunikwa na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Mpira ulikuwa umefungwa na uzi. Na uzi ulikuwa umefungwa fundo la wavu.

Nililiona fundo lile kutoka ukutani, na niliona kofia ya kufumwa inasimama bila kutikisika.

Akaukata uzi kwa wembe. Ndani hapakuwa na shaba tena. Palikuwa na unga wa kijani, na nyuzi chache nyembamba zilizokuwa bado zinashikana. Hizo ndizo zilizokuwa zinapitisha lile tone.

"Ni mkono wangu," akasema.

Bertille hakuelewa. Mimi nilielewa, lakini nilitaka kuona atafanya nini. Ninawajua wanaume. Kiungo kilikuwa ndani ya kiganja chake, kidogo kuliko kidole. Angeweza kukitupa kwenye mtaro, na mtaro ulikuwa hatua mbili kutoka pale. Kisha angesema ni maji, ni ziwa, ni dereva. Na usingekuwa uongo wote.

Badala yake alikifuta, akakitia mfukoni mwa shati.

Umeme wa mji ulikuwa umekatika, kwa hiyo alikuja upande wangu, akaingiza chuma chake cha kulehemu ndani ya mkaa wa jiko langu, pembeni mwa sufuria. Alikata sehemu yote iliyooza, hadi akafika kwenye shaba nyekundu inayong'aa. Akaunga kipande kipya cha waya, akasokota, akayeyusha risasi ya kulehemu juu yake ikaingia kote kama mafuta kwenye mkate. Akafunika na shatertoni, ule utepe mweusi, mzunguko juu ya mzunguko. Wala hakuulaza waya tena sakafuni. Akaupandisha juu, nyuma ya dashibodi, mahali ambapo maji yakifika huko, basi dereva mwenyewe ameshazama. Zulia akalitundika ukutani likauke. Mchanga akaufagia kwa brashi, wote, hadi kwenye kona, akautia kwenye kopo.

Nilimuuliza kwa sauti ndogo, "Ule wa zamani, kwa nini hukutia risasi?"

"Mwenye gari alikuwa anasimama nyuma yangu," akasema. "Analia haraka, haraka. Umeme haukuwepo. Nikasema hii itatosha." Akafikiri kidogo. "Jiko lako lilikuwepo."

Jioni ilikuwa bado mbali Papa Willy alipokuja, na Guelord amembeba kwenye pikipiki. Papa Willy si mtu mbaya. Ni mtu ambaye magari yakiharibika yeye ndiye anayeitwa kujibu, na mtu wa namna hiyo anatafuta upesi wa kumpa lawama. Bertille alisimama wima kando ya gari, mikono nyuma.

"Fundi, kiti kimepona?"

"Kimepona."

"Ilikuwa moteri?"

"Hapana. Moteri ziko nzima."

"Lakini taa iliwaka!" Guelord akasema. "Mimi mwenyewe niliona!"

"Uliona vizuri," Félicien akamwambia. "Iliwaka."

"Basi kilikuwa nini?" Papa Willy akauliza.

Félicien akatoa kiungo mfukoni, akakiweka juu ya boneti mbele ya watu wote, na waliokuwa wanakula kwangu wakainuka kuja kuona. "Hiki. Kilikuwa chini ya tapi, zulia la gari. Kimeoza. Niliyekifunga ni mimi, wakati nilipogeuza usukani, volani ya gari hii. Sikuchoma risasi. Nilisokota tu, nikafunika na mpira. Ilikuwa kazi mbaya."

Hapa nisimame kidogo, ili ijulikane kwa nini niliacha kijiko ndani ya sufuria nikasogea ukutani.

Mume wangu alikuwa na mtumbwi wa familia, na moteri yake, ya ndugu zake wote. Moteri ile aliipoteza mwenyewe, akiwa amelewa, kwa watu anaowajua. Siku ya kuulizwa, mbele ya kaka zake na mama yake, alisema kwamba niliacha mlango wazi, ikaibwa. Nilimtazama mume wangu aseme kweli. Alitazama viatu vyake. Nilitoka nyumba ile na beseni kichwani na mtoto wangu Chancelle mgongoni, maneno yakakua, na mpaka leo katika familia ile ninaitwa mwanamke aliyeuza moteri. Yeye bado yuko hai. Anapita barabara hii. Hajawahi kufungua mdomo. Kwa hiyo mimi ninajua mwanaume mwenye kosa anavyosimama. Anasimama nyuma ya mwanamke.

Na pale mwanamke alikuwepo. Alikuwa amesimama tayari, mwenye kosa lake mwenyewe la kutosha, bila mtu wa kumtetea.

Papa Willy alikigeuza kiungo kwa kidole. "Wewe fundi, unasema wewe njo umeharibu gari ya biro, gari ya ofisi yetu?"

"Njo mimi."

"Na tapi ile?" Guelord alikuwa ameona zulia ukutani. "Papa Willy, ona tapi. Inatoa maji. Maji yametoka wapi?"

Papa Willy akalitazama zulia, kisha akamtazama Bertille. Bertille akafungua mdomo. Nilijua atasema. Ni mtu wa namna hiyo, atajichoma mwenyewe ili amalize woga.

Félicien akawahi. "Gari hii inavuka mito ya Nyunzu mvua yote," akasema. Hilo lilikuwa kweli, kila mtu anaijua njia ile. "Na hata isingevuka, gari za Kalemie zote zinaona maji. Mimi ni wa hapa, ninajua. Fundi anayejua hivyo, akalaza waya bondeni bila risasi, hawezi kuja kulaumu maji. Sasa nimeupandisha juu. Maji yakirudi hayaukuti."

Nilifikiri Papa Willy atauliza tena. Lakini alikuwa ameshapata mtu wake, na mtu mwenyewe hakukimbia.

"Sawa," akasema. "Kwa sababu umesema mwenyewe, sitakushtaki kwa wakubwa. Lakini kuanzia leo gari za biro haziingii hapa tena. Zitakwenda kwa mwingine."

Magari ya ofisi ile yalikuwa ndiyo kazi yake kubwa. Bila hayo anabaki na teksi na taa za wavuvi. Noëlla alikuwa ameshanunua mabati ya kuongeza chumba.

"Ni haki yako, Papa," Félicien akasema. Kisha akamgeukia Bertille. "Mama Bertille, ngoja nifunge kiti, ukijaribu."

Alirudisha zulia likiwa bado na unyevu, akafunga kiti, akakaza boliti. Bertille akapanda. Vitufe vya kiti kile viko upande wa ndani, karibu na breki ya mkono, kwa sababu kiti kilitoka kulia kikahamia kushoto, na anayelijua gari haangaiki kuvitafuta. Akabonyeza. Kiti kikanguruma kidogo, kikaanza kumleta mbele. Kilemba kikapanda, kikapanda, uso ukatokea, mabega yakatokea, hadi tukamwona mzima nyuma ya usukani kama mtu aliyewekwa kwenye picha. Akakanyaga breki kwa mguu wote.

Watu wakapiga makofi. Mmoja akamwambia Guelord, "Shofere, kuku amefika!" Guelord akasema ana shughuli, akaenda kuwasha pikipiki yake.

"Kesho saa kumi na mbili, Nyunzu," Papa Willy akamwambia Bertille. "Usichelewe." Na funguo hakuziomba.

Wapo watakaosema kwamba Félicien alificha. Mmoja wa wateja wangu alisema hivyo, akiwa bado anatafuna. Nilimwambia alipe aende. Mimi nilichokiona ni mtu aliyeulizwa juu ya kosa lililokuwa na mikono miwili, akautoa mkono wake juu ya boneti, na wa mwenzake akamwachia mwenyewe.

Bertille alirudi kutoka Nyunzu na vumbi hadi kwenye nyusi. Alisimamisha gari mbele ya garaji, hakuingia, kwa sababu ya amri. Akaita kutoka dirishani.

"Papa Félicien, mbona hukumwambia habari ya mchanga?"

"Aliniuliza kiti kimekufa kwa nini. Nikamwambia."

"Ninataka kumwambia mwenyewe."

Félicien alikuwa anafuta mikono. "Hilo ni lako. Sikutumi na sikuzuii."

"Na kama akinifukuza?"

"Osha na ndoo," akasema. Hilo halikuwa jibu la swali lake, lakini ndiye Félicien.

Kama alimwambia Papa Willy au hakumwambia, mimi sijui. Sikumuuliza, na mimi si mtu wa kukosa kuuliza. Ninajua tu kwamba bado anaendesha, na kwamba Jumamosi asubuhi simwoni tena akishuka ziwani.

Félicien yeye alianza kazi ambayo hakuna aliyemwomba. Alikaa akakumbuka magari yote aliyogeuza miaka ile ya haraka haraka, na akaanza kuyatafuta. Anasimamisha teksi katikati ya barabara, abiria wakiwa ndani.

"Lete gari nifungue tapi."

"Papa Félicien, gari yangu haina ugonjwa!"

"Inao. Ni mimi niliutia. Lete."

"Na malipo?"

"Nimekwambia ni mimi niliutia."

Wengine wanadhani amerukwa na akili. Fundi wa jirani anapita akicheka, anamwambia kwamba anajiua jina mwenyewe, kwamba hakuna mtu angejua. Félicien anaingia chini ya dashibodi na miguu yake mirefu inabaki nje, na ninasikia wembe ukikata mpira. Wiki iliyopita alikuwa ndani ya teksi moja iliyochakaa, mwenye gari amesimama pembeni anabisha kwamba kila kitu kinafanya kazi, kwamba anapotezewa asubuhi. Mkono wa Félicien ukatoka mlangoni, ukiwa na kiungo cha kijani juu ya kiganja. Mwenye teksi akakichukua, akakitazama, akakirudisha.

"Viko vingapi vya namna hii mjini?" akauliza.

"Sijui," Félicien akasema kutoka ndani. "Nishikie tochi."